Chupa Saba za Vitrini ya Mama

Mama alikuwa akizipangusa kila Jumamosi. Vitrini yake, lile kabati la vioo alilonunua baba kwa pesa zake za mwisho za reli, lilisimama sebuleni likitazama dirisha la magharibi. Ndani mlikuwa na sahani za arusi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzilia chakula, picha ya baba akiwa na kofia ya kazi, na chupa za divai. Zilisimama wima kwa mstari, kila moja juu ya kitambaa chake cha kufuma, etiketi zao za jina zikitazama mlango ili mgeni azione kabla hajakaa. Kitambaa cha kupangusia alikilowesha kwenye maji ya sabuni. Mkikumbuke hicho kitambaa, maana kiliniletea taabu.

Chupa zilitoka kwa mdogo wangu. Aliondoka Lubumbashi kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi akiwa na begi moja na namba ya simu ya mtu asiyemjua. Akazungukazunguka, akafika kusini kabisa, karibu na bahari, kwenye shamba la mizabibu la familia moja ndogo: mzee, mke wake, watoto wao wawili, na wafanyakazi wa kuhesabu kwa vidole. Wanapanda zabibu nyeusi inayoitwa kaberne, wanaivuna, wanaikamua na kuitia chupani wenyewe, nyuma ya nyumba yao. Desemba ya kwanza mzee akampa chupa moja amtumie mama yake. Mdogo wangu akampa dereva wa lori anayepandisha mizigo hadi mpakani Kasumbalesa, dereva akanipigia simu, nikaenda kuipokea kwenye maegesho ya malori, nikaileta mtaani kwetu Makomeno imefungwa ndani ya kitenge. Desemba ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo.

Hatukuzifungua. Kwetu kinywaji cha zawadi hakifunguliwi na mwingine. Aliyekileta ndiye anayekifungua, naye ndiye anayeonja wa kwanza mbele ya macho ya watu wote, ndipo glasi izunguke. Tunaita kutosha bulozi, yaani kuondoa uchawi: mleta kinywaji anameza ili kila mtu aone kwamba hamna uchawi wala sumu ndani. Akitema, au akisitasita, basi kinywaji kinamwagwa nje na maswali yanaanza.

"Hizi hatutazifungula," mama alisema siku ya chupa ya kwanza. "Ye mwenyewe atakuya, ataonja mbele, kisha nami nitakunywa. Mutoto wangu hawezi kunitumia kinywaji kama muntu wa njiani."

Jambo moja tu lilimkera. Kila chupa ilikuja na namba ya mwaka ya zamani. Chupa iliyofika Desemba hii iliandikwa mwaka wa juzi, na mama, ambaye husoma tarehe kwenye kila kopo la maziwa kabla hajalilipia, alishika kiuno. "Dati yake imepita. Kule banamupa masalio, mutoto wangu. Banamupa yenye imebakia kwa depo." Mimi nami niliamini hivyo. Sikujua kitu juu ya divai. Kazi yangu ni kibanda cha fotokopi, nachapa barua za watu, vyeti vya ubatizo, mialiko ya arusi, na sura za marehemu za kubandika kwenye fulana za kilio.

Desemba ya nne simu haikulia. Nikampigia dereva, akasema hajapewa kitu. Nikampigia mdogo wangu, namba haipatikani. Nikapiga kesho yake, na kesho kutwa, hadi nikaizoea ile sauti ya mwanamke wa mtandao kama jirani. Mama alikuwa ameshafuma kitambaa cha nne, amekitandika ndani ya vitrini, na juu yake hamna kitu.

"Huu mwaka ukipita bila chupa," alisema, "nitajua mutoto wangu amekufa."

"Mama, malori yanachelewa kwa mupaka."

"Miye njo nilimuzaa. Miye najua."

Alhamisi moja nikarudi kazini, nikakuta kitenge chake cheusi kimeanikwa kwenye kamba, kinadondosha maji. Ni kile alichovaa mwaka mzima kwa ajili ya msiba wa baba. Alikitoa sandukuni, akakifua, tayari kukivaa tena. Alikuwa ameshawaambia na akina mama wa jumuiya waje kusali. Chakula chake cha mchana kilikuwa juu ya meza, bukari, ugali wetu, imeota ngozi, hajaigusa.

Nisingizie huruma? Hapana. Nilichoka tu. Nilikuwa nimeshazika mtu mmoja kwenye nyumba ile, na sikuwa na nguvu za kumlilia mwingine ambaye pengine yuko mzima, anakula, anacheka na watu. Basi nikaenda mjini, nikanunua divai nyekundu ya bei nafuu, ile tamu wanayopenda kwenye arusi, nikachagua yenye kizibo cha gome na yenye mabega sawa na zile za mdogo wangu. Nikailoweka kwenye ndoo ya maji moto mpaka etiketi yake ikabanduka. Mama alipokuwa kanisani nikaipiga picha etiketi ya chupa ya tatu, nikaenda kibandani, nikaichapa upya. Kwangu ilikuwa kazi ya nusu saa.

Hapo nikafanya ujanja ambao niliuonea fahari. Kwa kuwa mama alilalamikia masalio, nikafuta mwaka wa zamani, nikaandika mwaka uleule tuliokuwa nao. Divai mpya kabisa, kama mkate wa asubuhi.

Mama alipoiona alipiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakaanza kubweka. "Ona! Ona sasa! Bameanza kumupa ya kweli!" Kitenge cheusi kikarudi sandukuni siku ileile, hakijakauka vizuri. Alikula. Nikamwambia mama kwamba mdogo wangu amepiga simu, anamsalimia, kazi ni nyingi. Salamu nazo nikazitunga.

Jumamosi iliyofuata kitambaa chake cha sabuni kikapita juu ya wino wangu, na namba ya mwaka ikaanza kuchuruzika rangi ya buluu. "Aka! Hii wino gani?" mama alipiga kelele. Nilimnyang'anya chupa nikisema etiketi imepigwa na unyevu wa lori. Nikaichapa nyingine, nikaifunika yote kwa skochi, ule utepe wa plastiki unaonata. Mama aliipapasa kwa kidole gumba. "Haya, bamejua akili. Bameweka na plastiki."

Desemba ya tano nikafanya hivyo tena, skochi tangu mwanzo. Desemba ya sita pia. Watu wanadhani ukidanganya mama yako utakosa usingizi. Nililala vizuri. Sikufurahi na sikuhuzunika. Moyo wangu ulikuwa na ganzi kama mguu ulioukalia vibaya kwenye benchi la kanisa, unaugusa na unajua ni wako, basi. Nilichapa, nikakata, nikabandika, nikasema "amekusalimia", nikaenda kulala.

Kisha, katikati ya Desemba iliyopita, saa nne za asubuhi, mdogo wangu akasimama kwenye geti.

Alikuwa amenenepa. Alikuwa na begi kubwa na chupa moja iliyofungwa ndani ya sweta. Mama alitoka jikoni, akamwona, akaanguka chini, akagaagaa kwenye udongo wa mvua akiimba jina la babu ambalo mdogo wangu alirithi. Majirani wakatoka. Mimi nilikuwa na ndoo mkononi. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri. Nikasema, "Karibu," nikaenda kwanza kumwaga maji ndipo nikarudi.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa, akanikumbatia. Nilisikia uzito wa mikono yake mgongoni. Zaidi ya hapo sikusikia kitu.

Mama hakumpa hata maji ya kunawa. Alimkokota mkono moja kwa moja hadi kwenye vitrini, matope yote kwenye nguo. "Ona. Zote ziko hapa. Sikufungula hata moya." Mdogo wangu alizitazama tatu za kwanza, akatabasamu. Akafika ya nne, na tabasamu likakaa pale usoni bila kazi. Akatazama ya tano na ya sita. Mama alikuwa amemshika kiwiko, machozi yanamtiririka. "Kila mwaka, mutoto wangu. Hata mwaka moya hukunisahau. Miye nilikuwa karibu nivae nyeusi, kumbe chupa iko njiani."

Mdogo wangu akageuza kichwa, akanitazama. Nami nikamtazama. Nikaenda kuchemsha chai.

Mama akatangaza kwamba Jumapili, baada ya misa, zote zitafunguliwa. Zile siku mbili za katikati ningeweza kumvuta mdogo wangu pembeni tupange la kusema, lakini mama alimfuata hata hadi mlango wa choo, akimsimulia waliokufa na waliozaliwa. Na nikiwa mkweli, sikujitahidi. Nilijua vizuri kilichoko mbele yetu. Akionja mojawapo ya chupa zangu akatema, mama atauliza, na jibu ni kwamba kwa miaka mitatu mtoto wake hakumkumbuka hata kwa salamu, na binti yake alimchezea akili kwa karatasi na skochi. Nilijua pia kwamba presha yake haimpi nafasi ya habari za namna hiyo. Nilijua yote hayo jinsi ninavyojua bei ya karatasi.

Jumapili akaja mjomba, mdogo wake mama, mwalimu mstaafu, mtu wa desturi na wa kinywaji pia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, umeme umekatika, dirisha liko wazi. Mama aliweka mezani kuku, bukari, uyoga wa msimu, na sahani ya masuku, matunda ya porini, ya kuondoa ladha mdomoni. Chupa sita zilitolewa kwenye vitrini moja moja kama watoto wa komunio ya kwanza. Ya saba, ile aliyokuja nayo mdogo wangu, ilibaki ndani ya sweta. Mama alikuwa na glasi ya chai mbele yake, tupu, ameikamata kwa mikono miwili.

Mdogo wangu akachukua tirbushoni, kile chuma cha kung'olea vizibo. Kizibo cha chupa ya kwanza kilimeguka vipande vipande kama keki kavu. Akamimina kidogo, akanusa, akafumba macho kwa uchungu. Akaonja, kwa sababu lazima aonje. Akameza.

"Mama, hii imekuwa siki."

"Siki namna gani? Niliipangusa kila Jumamosi!"

"Divai haisimame, mama. Inalala. Na haitake jua. Kizibo kikikauka, hewa inaingia."

"Inalala?" Mama alimtazama mjomba. "Chupa iko mugonjwa, inalala?"

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Lakini mama alionja hata hivyo, akakunja uso, akasema ni kama munkoyo wa siku tano, kinywaji chetu cha mahindi kikishachacha. Aliona haya, nilimwona. Miaka yote ile alikuwa akiiua huku akiipangusa. Ya pili ilikuwa imekufa nusu. Mdogo wangu alisema bado inasikika kidogo, kule nyuma, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Mimi nilionja, sikusikia mtu yeyote. Niliona ni chungu, nikatafuna suku.

Ya tatu ilikuwa imesimama upande wa kivuli, nyuma ya picha ya baba. Alipoifungua, kizibo kilitoka kizima, na pembeni yake kimechapwa ndege mdogo, alama ya ile familia. Mdogo wangu akaishika glasi kwa chini, akaizungushazungusha.

"Unaosha glasi?" mjomba aliuliza. "Maji iko pale."

Mdogo wangu hakucheka. Alinusa, akaonja, akameza. "Hii njo ya kwanza niliivuna mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nimefika kule mwezi moya tu. Mvua ilikataa, zabibu zilikuwa ndogo kama shanga. Mzee alisema ndogo ndiyo nzuri. Nilikata kidole siku ya pili, nikaendelea." Alionyesha kovu. "Ilikaa ndani ya pipa karibu miaka mbili kabla haijatiwa chupa. Kaberne haikimbizwe. Njo maana mwaka wa kwa etiketi iko wa nyuma siku zote."

Siku zote, alisema. Nikaweka suku chini. Alisema kwa sauti ya kawaida, akiitazama glasi, lakini nilielewa kwamba ananiambia mimi. Fahari yangu ile, mwaka mpya kama mkate wa asubuhi. Divai ya mwaka ule, ule niliouchapa, wakati ule ilikuwa bado imo ndani ya pipa, haijaona chupa. Mama hakuunganisha. Alikuwa ameshaonja kaberne ya mwanawe na anahangaika nayo mdomoni.

"Inakamata ulimi," akasema. "Kama kutafuna ganda ya masuku." Akameza kwa adabu, akaisukuma glasi mbele. Mjomba aliongeza soda nyeusi kwenye yake, nusu kwa nusu, akasema sasa iko sawa. Mdogo wangu alitazama ile soda ikiingia.

Kisha akachukua chupa ya nne.

Akapitisha kidole juu ya skochi. Akasoma mwaka. Akaingiza tirbushoni polepole, akavuta, na kizibo kikatoka na jina la watu wengine kabisa limechapwa pembeni kwa herufi kubwa. Hilo sikulifikiria. Nilibadilisha karatasi ya nje, sikufikiria kwamba kizibo nacho kina mdomo. Mjomba alikuwa ananyoosha mkono akitaka kukiona, kama alivyofanya kwa kile cha ndege. Mdogo wangu alifumba kiganja, akakitia mfukoni mwa suruali, akamimina.

Hata kabla hajainua glasi, harufu ya sukari ilikuwa imefika kwangu. Mama alimtazama mdomo. Mjomba alimtazama mdomo. Ndivyo desturi inavyotaka, watu wote watazame mdomo wa mleta kinywaji. Akanywa. Nikaona koo limesimama. Kwa mtu aliyekaa miaka saba kwenye mizabibu, nafikiri ilikuwa kama kunyweshwa dawa ya kikohozi. Kama angetema, mambo yote yangemwagika pale kwenye kitambaa cha meza.

Akameza.

"Iko muzuri, mama," akasema.

Mama akanywa. Macho yakafunguka. "Eeh! Eeh! Hii njo divai!" Alimpiga mjomba begani. "Onja! Hii mutoto wangu alikuwa amejua kazi sasa. Zile za kwanza alikuwa bado anajifunza, si vile? Hii alikuwa tayari mukubwa." Akaomba glasi ya pili, mama ambaye kwenye arusi hunywa soda. Mjomba alikunywa bila kuongeza kitu, akasema inajitosheleza.

Ya tano, hivyohivyo. Mdogo wangu alitia kizibo mfukoni, akanywa, akameza, akasema iko muzuri. Ya sita, hivyohivyo. Mama alikuwa anaimba sasa, nyimbo za utotoni za kwao Lukafu, akimshika mwanawe shavu kila baada ya mstari. "Mwaka huu uliwaza nini ulipokuwa unanitumia?" alimuuliza. "Niambie. Ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nakuwaza weye, mama," mdogo wangu alijibu, macho kwenye sahani.

Hatimaye akafungua sweta, akatoa ya saba. Alituambia mzee mwenyewe ndiye aliyempa siku ya kuaga. Kila mwaka mzee alikuwa akimwuliza, mama yako alisemaje juu ya divai yetu? Safari hii akamwambia, mpelekee kwa mkono, uniletee jibu. Ni divai ambayo mdogo wangu alikata matawi yake, akaivuna, akaosha mapipa yake, akaichunga miaka miwili. Aliiweka mezani kama mtu anayemlaza mtoto.

Mjomba akavaa miwani. Akasoma etiketi. Akavuta chupa ya tano, akaisoma, akarudi kwenye ya saba.

"Mbona huu mwaka tumeshaukunywa?" akasema. "Ona. Namba iko moya."

Alikuwa sahihi. Mwaka niliouchapa kwenye chupa ya tano ndio mwaka wa kweli wa ile ya saba. Mama aliacha kuimba. Alichukua chupa zote mbili, moja kila mkono, akazitazama kwa karibu, hii yenye skochi na hii isiyo na skochi. Mimi nilikuwa nahesabu mbegu za masuku kwenye sahani. Zilikuwa kumi na moja. Nikasubiri, na hata kusubiri kwenyewe hakukuniuma.

"Walitoa mara mbili, mujomba," mdogo wangu akasema. "Ile ya tano ilitoka mapema. Hii ilibakia kwa pipa."

Mama akaonja ile ya saba. Akaikunja midomo, akatikisa kichwa kwa upole, kama anavyofanya mtu akimletea picha ya mtoto mchanga asiyependeza. "Njo maana imerudi kuwa kali. Walichelewa kuitosha. Umwambie muzee wako asichelewe tena." Akamiminia mjomba iliyobaki, na mjomba akaongeza soda.

Mdogo wangu alikunywa glasi yake peke yake, polepole, hadi tone la mwisho. Mimi nilikunywa yangu. Nilisikia harufu ya majani mabichi, na kitu kama moshi wa mkaa, na baada ya kumeza kilibaki mdomoni muda mrefu. Nilitaka kumwambia ni nzuri. Nikaanza kukusanya sahani.

Baada ya chakula mjomba alisinzia kwenye kiti. Nilibeba chupa tupu hadi kwenye bomba la uani, nikaanza kuziosha, maana kwetu chupa haitupwi, inangoja mafuta ya mawese. Mdogo wangu akanifuata. Alitoa vile vizibo vitatu mfukoni, akavishika mkononi bila kujua aviweke wapi.

"Juu ya nini ulifanya vile, yaya?"

"Alikuwa ameshaanika kitenge cheusi."

Alikaa kwenye ukingo wa saruji na suruali yake nzuri. "Mwaka wa kwanza nilisahau tu," akasema. "Ilikuwa kazi mingi, nikabadilisha namba, nikasahau. Mwaka wa pili nilisikia haya. Kisha wa tatu nikaona, nitaanza vipi?" Akapangusa pua kwa mkono. "Mzee akiniuliza, nilikuwa namwambia mama aliipenda sana."

"Basi sote wawili tulikuwa kazini," nikasema.

"Nitamwambia. Leo leo. Si haki, yaya, unabeba vitu vyangu."

Nilikuwa nasugua shingo ya chupa. Lakini nitasema ukweli: nilingoja. Niliosha ile chupa moja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, nikingoja aende.

Hakuhitaji kwenda, mama alikuja mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha kichwa kimeinama upande mmoja, uso unang'aa. Akashuka ngazi akijishika ukutani, akainama kwenye chupa nilizopanga, akazipita tatu za kwanza, akaipita ya saba, akaokota ya nne. Ile niliyoiloweka kwenye ndoo.

"Hii njo nitarudisha kwa vitrini," akasema. "Ingine mutieni mafuta. Hii, siku nikikufa, mutaniwekea ndani ya sanduku." Akaipapasa skochi. Kisha akanitazama mimi, bila hasira, kama mtu aliyekumbuka kitu alichotaka kukisema tangu zamani. "Weye unakala hapa. Unaniona kila siku. Ye alikuwa mbali, hakuna hata ndugu kule, na kila mwaka aliniwaza. Weye, binti yangu, hujaniletea hata chupa moya."

Mdogo wangu alisimama. Vizibo vilianguka kwenye saruji, kimoja kikabingirika hadi kwenye kidole cha mguu wa mama.

"Mama," akasema, "mama, hizo chupa..."

Ndipo iliponiuma. Iliniuma hapa, chini ya mbavu, kwa nguvu hadi nikashika bomba. Miaka mitatu sikuwa nimesikia kitu, na sasa nilisikia kila kitu kwa mara moja, na nilitaka mama ajue. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mdogo wangu alikuwa ameshafungua mdomo. Nilichohitaji ni kunyamaza tu, yeye aseme.

Nikatazama mikono ya mama kwenye ile chupa.

"Ni kweli, mama," nikasema, kabla hajamaliza. "Sijakuletea kitu. Unisamehe."

Mama akatikisa kichwa, akaridhika. Alininyooshea chupa. Nikaipangusa kwa upindo wa kitenge changu, nikiepuka kingo za skochi zisije zikabanduka, nikamrudishia.